Mashine zimefika, ngozi ya mgonjwa imesahauliwa

KWA zaidi ya mwongo mmoja sasa, serikali za Afrika Mashariki zimekuwa zikitumia fedha nyingi kuongeza uwezo wa kuwatibu wagonjwa mahututi. Februari 2015 Serikali ya Kenya ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali 98, vikiwamo vifaa vya vyumba vya wagonjwa mahututi. Tanzania nayo ilifuata mwaka 2021, ambapo sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliofikia Sh1.3 trilioni, ilielekezwa katika ujenzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi na majengo ya huduma za dharura baada ya janga la UVIKO-19.

Hizo ni habari njema, na hakuna mwenye nia njema atakayezibeza. Mgonjwa ambaye zamani angefariki dunia njiani akipelekwa Dar es Salaam au Nairobi, leo anaweza kuwekewa mashine ya kupumulia karibu zaidi na kwao.

Hata hivyo, mashine ya kupumulia haimalizi kazi siku inapowashwa. Siku hiyo huanzisha kazi nyingine, ndefu, ya usiku na mchana, ambayo haina utepe wa kukatwa wala mgeni rasmi. Ni kazi ya kumgeuza mgonjwa, kumkausha, kumtazama na kumtazama tena.

Makala haya yanahusu sehemu moja ya kazi hiyo, ambayo wengi wetu hatuifikirii mpaka ndugu yetu awe kitandani: kulinda ngozi ya mgonjwa aliyetobolewa tundu shingoni ili apate kupumua. Sehemu hiyo ni ndogo, lakini inaweza kutueleza mengi kuhusu hospitali zetu kuliko hotuba nyingi za uzinduzi.

Tundu la kuokoa maisha

Upasuaji huo unaitwa trakeostomia. Daktari hutoboa sehemu ya mbele ya shingo, chini ya zoloto, kisha huingiza mrija mfupi uliopinda moja kwa moja katika koo la hewa. Kuanzia hapo hewa haipiti tena puani wala mdomoni, bali hupita katika mrija huo.

Wanaofanyiwa upasuaji huo ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Wapo walioumia vichwa katika ajali za barabarani, na katika miji yetu ajali za bodaboda zimekuwa chanzo kikubwa cha majeraha hayo. Wapo waliopatwa na kiharusi kikali, wenye saratani ya koo, wagonjwa wa pepopunda, na watoto waliozaliwa na njia nyembamba ya hewa. Wapo pia wale waliokaa wiki moja, mbili au zaidi wakipumulia mashine kwa mrija uliopitishwa mdomoni, na madaktari wakaona ni heri uhamishiwe shingoni.

Faida zake ni kubwa. Mgonjwa huhitaji dawa chache za kumlaza, makohozi hufyonzwa kwa urahisi, na safari ya kumwondoa kwenye mashine huwa nyepesi. Lakini mrija huo una bamba la plastiki lenye mabawa mawili linalokaa juu ya ngozi, kwenye kitako cha shingo. Bamba hilo ndilo linalouzuia mrija usizame ndani wala kuchomoka, na ndilo hilo hilo linaloleta balaa.

Kidonda kinavyozaliwa

Ngozi ni kiungo kilicho hai. Hulishwa na mishipa midogo mno ya damu ambayo hufungwa kirahisi pale kitu kigumu kinapoikandamiza. Mtu mzima wa afya akikaa vibaya husikia ganzi, akajisogeza, na damu ikarudi. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa hawezi kujisogeza. Mgandamizo usipoondolewa kwa saa kadhaa, ngozi huanza kufa, na chini yake nyama nayo hufa.

Katika shingo yenye mrija, mambo kadhaa hukutana mahali pamoja. Kwanza, baada ya upasuaji shingo huvimba, na bamba ambalo jana lilikuwa limekaa sawasawa leo linabana. Pili, madaktari wengi hulishona bamba hilo kwenye ngozi kwa nyuzi, kwa sababu ya msingi kabisa: mrija ukichomoka katika siku za mwanzo, kabla njia yake haijakomaa, mgonjwa anaweza kufa katika dakika chache. Lakini nyuzi hizo hizo hulifanya bamba lisiinuke hata kidogo, na humzuia muuguzi asione kilichopo chini yake.

Tatu, mpira wa mashine ya kupumulia una uzito. Usipotegemezwa vizuri huuvuta mrija upande mmoja na kulichimbisha bamba shingoni. Nne, makohozi na jasho hutiririka kuzunguka tundu mchana kutwa, na ngozi iliyolowa hulainika ikachanika upesi kuliko ngozi kavu. Tano, utepe unaofungwa kuzunguka shingo ukikazwa kupita kiasi, hasa ukiwa mwembamba kama uzi, hukata ngozi nyuma na kando ya shingo.

Ongeza juu ya hayo mgonjwa aliyekonda kwa kukosa lishe ya kutosha, au mwenye shinikizo la damu lililoshuka, na picha inakamilika. Kidonda huzaliwa chini ya bamba, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Upo pia mgandamizo ambao hauonekani kabisa kwa nje. Mirija mingi ina puto dogo ndani ya koo la hewa, linalojazwa hewa ili kuziba upenyo. Wataalamu hushauri shinikizo la puto hilo likae kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likizidi hapo, utando laini wa koo hukosa damu. Mgonjwa anaweza kupona ugonjwa uliomleta, akarudi nyumbani, kisha baada ya wiki au miezi akaanza kukosa pumzi kwa sababu kovu limelibana koo lake la hewa.

Mwili mzima nao una mtego wake. Wagonjwa wanaopumulia mashine huinuliwa upande wa kichwa, nyuzi 30 au zaidi, ili kupunguza hatari ya nimonia. Ni ushauri mzuri. Lakini mtu aliyeinuliwa hivyo huteleza polepole kuelekea miguuni, huku ngozi ya kiunoni ikibaki imeng'ang'ania shuka. Mvutano huo kati ya ngozi na mfupa huzaa vidonda vya kiunoni ambavyo wauguzi wanavijua sana. Kwa maneno mengine, kinachoyalinda mapafu kinaweza kuiumiza ngozi, na anayesawazisha mambo hayo mawili ni mtu, si mashine.

Asiye na sauti

Liko jambo jingine linalomtofautisha mgonjwa huyu na wengine wodini. Sauti ya binadamu hutoka pale hewa inapopita katikati ya nyuzi za sauti zilizo kwenye zoloto. Mrija wa shingoni umewekwa chini ya nyuzi hizo, na puto likijazwa, hewa haizifikii. Hata akiwa macho, hata akiwa na akili zake zote, mgonjwa hawezi kusema.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akibanwa na bendeji ataita, "Nesi, hapa panauma." Huyu hawezi. Anaweza kukunja uso au kupapasa shingo kwa mkono, na mara nyingi akifanya hivyo hudhaniwa anataka kuuchomoa mrija, akafungwa mikono. Malalamiko yake yanageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Kwa hiyo ulinzi wa ngozi yake hauwezi kungoja alalamike. Ni lazima uwepo utaratibu unaouliza kwa niaba yake, saa baada ya saa. Panapokosekana utaratibu huo, ukimya wake huchukuliwa kuwa ni nafuu.

Je, ni kudra?

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa mahututi ni mgonjwa mahututi, na vidonda ni sehemu ya ugonjwa. Hoja hiyo si ngeni. Katika karne ya 19, daktari maarufu wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, aliamini kwamba vidonda vya wagonjwa waliopooza vilitokana na kuharibika kwa mishipa ya fahamu yenyewe, na kwamba vilikuwa dalili ya kifo kilichokaribia. Kama ni hivyo, muuguzi afanye nini?

Mwenzake, Charles-Édouard Brown-Séquard, alikuwa ameonyesha kinyume chake kwa majaribio ya wanyama: mgandamizo ukiondolewa na ngozi ikiwekwa safi na kavu, vidonda havitokei hata kama mishipa ya fahamu imekatwa.

Mabishano hayo yalipata jibu la vitendo nchini Uingereza mwaka 1944, pale Dk Ludwig Guttmann alipoanzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakiachwa wafe kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Wengi waliishi, na baadhi yao ndio walioshiriki michezo iliyokuja kuwa mwanzo wa michezo ya Paralimpiki. Hakuwa na dawa mpya. Alikuwa na ratiba, na watu wa kuitekeleza.

Ni kweli kwamba wapo wagonjwa walio hoi kiasi kwamba vidonda vyao havizuiliki kwa juhudi yoyote, na si haki kumtupia lawama muuguzi kwa kila kidonda. Lakini hao ni wachache, na ushahidi wa miaka ya karibuni unaonyesha hivyo waziwazi.

Kutoka wagonjwa 20 hadi wawili

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2010 ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya vidonda vya mgandamizo vilivyopatikana hospitalini vilisababishwa na vifaa vya tiba vyenyewe, wala si kitanda. Aprili 2016, jopo la kitaifa la nchi hiyo linaloshauri kuhusu vidonda hivyo liliviweka vile vinavyotokana na vifaa katika fungu lake maalumu, ili visiendelee kupotea ndani ya takwimu za jumla.

Hospitali ya watoto ya Cincinnati, jimboni Ohio, ilikuwa imeanza kazi mapema. Timu yake ilichapisha matokeo mwaka 2012. Kabla ya utaratibu mpya, watoto wenye mirija ya shingoni waliopata vidonda walikuwa asilimia 8.1. Utaratibu ulipokuwa ukitengenezwa walishuka hadi asilimia 2.6, na ulipokamilika wakabaki asilimia 0.3.

Walichofanya kinaweza kuelezwa kwa sentensi tatu. Ngozi ikaguliwe mara kwa mara na hatari ya kila mtoto ipimwe. Kati ya bamba na ngozi pawekwe kitu kinachofyonza unyevu. Na pale bamba linapogusana na shingo fupi ya mtoto, utumike mrija ulioongezwa urefu kwa nje ili mgandamizo usiwepo.

Chuo Kikuu cha Rush cha Chicago nacho kilichapisha mwaka 2017 matokeo ya wagonjwa wake. Kabla ya utaratibu mpya, wagonjwa 20 kati ya 183 walipata vidonda vinavyotokana na mrija wa shingoni, sawa na asilimia 10.93. Baada ya utaratibu kuanza, walikuwa wawili kati ya 155, yaani asilimia 1.29.

Utaratibu huo wa Chicago una mambo manne. Mara baada ya upasuaji, bendeji maalumu ya kulinda ngozi huwekwa chini ya bamba. Nyuzi zilizolishona bamba hutolewa ndani ya siku saba. Zikishatolewa, huwekwa bendeji ya sponji. Na kichwa cha mgonjwa huwekwa katika mkao ulionyooka, kisiinamie kifuani wala kupinda upande mmoja.

Msomaji atagundua kwamba katika mambo hayo manne hakuna mashine. Kuna vipande viwili vya bendeji, mkasi, tarehe iliyoandikwa katika faili na mtu wa kumweka mgonjwa sawa.

Nyuzi ni za nani?

Tukitazame hicho kipengele cha nyuzi, kwa sababu kinafichua kiini cha tatizo. Kuzitoa mapema mno ni hatari, kwa kuwa mrija unaweza kuchomoka. Kuziacha muda mrefu mno ni kuiozesha ngozi. Uamuzi unahitaji mtu mwenye ujuzi na mwenye wajibu unaofahamika.

Lakini mtu huyo ni nani? Daktari bingwa wa masikio, pua na koo aliyefanya upasuaji amerudi katika chumba cha upasuaji. Daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi anaona kwamba mrija si kazi yake. Muuguzi anaogopa kugusa nyuzi bila maelekezo. Siku ya saba inapita, kisha ya kumi, kisha ya kumi na nne. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa shida ni tofauti, chombo hakina nahodha kabisa.

Dawa ya hali hiyo haihitaji bajeti. Ni uamuzi wa uongozi wa hospitali kwamba kila mgonjwa mwenye mrija wa shingoni awe na jina la daktari anayewajibika, tarehe ya kutoa nyuzi, na karatasi kando ya kitanda inayoonyesha ni nani aliyeikagua ngozi na saa ngapi.

Ngozi nyeusi na vitabu vya wengine

Liko suala ambalo hospitali zetu haziwezi kuliazima kutoka Chicago. Hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo, ile ambayo bado ngozi haijachanika na madhara yanaweza kurudishwa nyuma, hufundishwa kuwa ni wekundu usiopotea unapobonyezwa kwa kidole. Maelezo hayo yanafaa kwa ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kwa shida au hauonekani kabisa.

Matokeo yake ni kwamba muuguzi anayefuata kitabu neno kwa neno anaweza kuandika "ngozi ni salama" wakati chini yake nyama imekwisha kuanza kufa. Kidonda kikija kuonekana, kimeshafika hatua ya pili au ya tatu.

Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2019 unalitambua tatizo hilo. Unashauri kwamba kwa wenye ngozi nyeusi mkaguzi asitegemee rangi peke yake, bali aguse: je, mahali hapo pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelainika kama tunda lililoiva mno? Pamevimba? Rangi yake imekuwa ya zambarau au nyeusi zaidi kuliko ngozi jirani? Mgonjwa anakunja uso paguswapo?

Katika nchi ambazo karibu kila mgonjwa ana ngozi nyeusi, maswali hayo yalipaswa kuwa somo la kwanza katika vyuo vya uuguzi, wala si tanbihi. Mkono wa muuguzi ndicho kipimo, na mkono huo unahitaji kufundishwa.

Muuguzi mmoja, vitanda vingapi?

Hapa ndipo tunaporudi kwenye mashine. Mwaka 2020 kamati maalumu ya Seneti ya Kenya iliyochunguza mradi wa vifaa vya kukodi ilieleza kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika katika hospitali kadhaa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu wa wataalamu. Nchi ilikuwa imelipia vyuma kabla ya kuandaa mikono.

Nchini Marekani, kanuni za jimbo la California zinataka muuguzi mmoja wa chumba cha wagonjwa mahututi asihudumie zaidi ya wagonjwa wawili kwa wakati mmoja. Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Kumgeuza mgonjwa mwenye mrija kunahitaji watu wawili au watatu, mmoja wao akiwa ameushika mrija tu. Kufyonza makohozi, kubadilisha bendeji iliyolowa, kupima shinikizo la puto na kuikagua shingo ni kazi za kurudiwa zamu nzima. Muuguzi mwenye vitanda vitano au sita atachagua, naye atachagua kumwokoa anayekata roho. Ngozi itangoja, na ngozi haijui kungoja.

Katika wodi zetu pengo hilo mara nyingi huzibwa na ndugu wa mgonjwa. Mama, dada au mke ndiye anayeogesha, anayelisha na anayesaidia kugeuza. Ni utaratibu uliokita mizizi, na badala ya kuuonea aibu ingefaa kuupa elimu. Ndugu akifundishwa kwamba kati ya utepe na shingo panapaswa kupenya kidole kimoja au viwili, kwamba bendeji iliyolowa ibadilishwe mara moja, na kwamba mpira wa mashine usiachwe uning'inie, hospitali itakuwa imepata jozi ya macho bila malipo.

Elimu hiyo ni ya lazima zaidi kwa wanaoruhusiwa kurudi nyumbani na mrija, hasa wazazi wa watoto wadogo. Shingo ya mtoto ni fupi na ina mikunjo, na unyevu hujificha humo. Mzazi anahitaji kufanya zoezi hilo kwa mikono yake mbele ya muuguzi kabla ya kutoka, si kukabidhiwa karatasi mlangoni.

Nani analipa?

Kidonda kilichoingia ndani huongeza siku za kulala hospitalini, dawa za kuua vijidudu, bendeji, na wakati mwingine upasuaji wa kuondoa nyama iliyokufa. Shingoni huongeza hatari ya maambukizi yaliyo karibu kabisa na njia ya hewa. Gharama hizo zote huandikwa katika ankara, na ankara hupelekwa kwa familia au kwa mfuko wa bima.

Fikiria hali hiyo kwa jicho la haki. Mgonjwa aliingia na jeraha la kichwa. Jeraha la shingo amelipata humo ndani. Kisha anatozwa kwa yote mawili.

Marekani ililishughulikia suala hilo kwa mkono wa sheria. Kuanzia Oktoba 1, 2008, mfuko wa bima ya wazee wa nchi hiyo, Medicare, uliacha kuzilipa hospitali nyongeza ya gharama za vidonda vya mgandamizo vya hatua ya tatu na ya nne ambavyo mgonjwa alivipata akiwa hospitalini. Ghafla, idara za fedha za hospitali zikaanza kuulizia habari za ngozi.

Je, nasi tufuate njia hiyo? Swali hilo limekuja kwa wakati wake. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kenya ilianza Oktoba 2024 kutumia mfumo mpya wa bima ya afya ya jamii badala ya NHIF. Mifuko hiyo itakuwa mnunuzi mkubwa wa huduma za hospitali, na mnunuzi ana haki ya kuuliza ubora wa anachonunua.

Lakini adhabu ya haraka ina hatari zake. Hospitali yenye wauguzi wachache ikinyimwa malipo, itazidi kukosa wauguzi. Na pale kidonda kinapogeuka kosa la kifedha, kishawishi cha kutokiandika huwa kikubwa. Muuguzi aliyekiona ataambiwa anyamaze, na hapo tutakuwa na wawili wasio na sauti: mgonjwa na muuguzi wake.

Njia ya busara zaidi ni kuanza kwa kuhesabu. Kila hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi itakiwe kuripoti, kila robo mwaka, ilikuwa na wagonjwa wangapi wenye mirija ya shingoni na wangapi kati yao walipata vidonda, bila kutaja majina na bila kumfukuza mtu kazi. Mfuko wa bima ulipie bendeji za kinga kama unavyolipia dawa, badala ya kusubiri kulipia kidonda. Baada ya miaka miwili au mitatu ya takwimu za kweli, ndipo mjadala wa malipo na adhabu uweze kufanyika kwa haki.

Kinachowezekana kesho asubuhi

Yapo ambayo hayahitaji kusubiri bunge wala bajeti. Daktari mkuu wa hospitali yoyote anaweza kuagiza kwamba kuanzia kesho tarehe ya kutoa nyuzi iandikwe siku ya upasuaji. Muuguzi mkuu anaweza kuagiza kwamba katika kila makabidhiano ya zamu, wauguzi wawili, anayetoka na anayeingia, wainue bendeji na kutazama pamoja chini ya bamba palipo na nafasi, na nyuma ya shingo. Utepe mwembamba unaweza kubadilishwa kwa mpana na laini. Palipokosekana bendeji ya sponji, shashi safi na kavu inayobadilishwa kila inapolowa ni afadhali mara nyingi kuliko bendeji ghali iliyoachwa siku tatu.

Chombo cha kupimia shinikizo la puto ni kidogo, hukaa kiganjani na hutumika kwa wagonjwa wengi. Chumba kilichonunuliwa mashine za mamilioni na kukosa chombo hicho kimejengwa nusu.

Wananchi nao wana nafasi yao. Ndugu anayemtembelea mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: nyuzi zitatolewa lini? Shingo yake ilikaguliwa saa ngapi? Amegeuzwa mara ngapi tangu asubuhi? Maswali hayo si uchokozi, na muuguzi anayejua kazi yake atayajibu kwa furaha, kwani yanampa nguvu ya kudai vifaa na wenzake wa kumsaidia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili ufa una upana wa bamba la plastiki, na ukuta ni wiki kadhaa za mateso ambazo mgonjwa hawezi hata kuzilalamikia. Waziri atakapofungua jengo jingine la wagonjwa mahututi, waandishi wa habari watauliza, kama kawaida, lina vitanda vingapi. Swali la pili liwe ni wauguzi wangapi watakuwamo saa nane ya usiku.